Vitabu Visivyo na Maneno na Sauti ya Mtoto wa Songea

Mwaka jana niliketi nyuma ya darasa la kwanza katika shule moja ya kijiji, si mbali na mji wa Songea. Mwalimu alifungua kitabu cha picha kisicho na neno hata moja: kuku, mvua, mtoto aliyepotea sokoni. Mwanafunzi mmoja, ambaye niliambiwa hakuwa amefungua kinywa tangu Januari, alisimama akasimulia ukurasa mzima. Alisimulia kwa Kingoni. "Sema kwa Kiswahili," mwalimu akamkatiza. Mtoto akaketi, na hadithi ikaishia hapo.

Simlaumu mwalimu yule, kwani nyuma ya amri yake ipo historia ndefu. Wajerumani walikifanya Kiswahili lugha ya boma, ya akida na karani. Aliyesoma kazi yake ilikuwa kupokea neno la serikali na kulifikisha kijijini. Baada ya Uhuru Kiswahili kilipata heshima nyingine, tena ya haki. Kimetuunganisha Wangoni, Wamatengo, Wayao na Wandendeule, nami ni mmoja wa walionufaika. Hata hivyo darasa lilibaki vilevile: mwalimu anasema, watoto wanaitikia. Tulibadili wimbo, tukaacha kiitikio.

Songea hiihii iliwahi kujaribu njia nyingine. Katika miaka ya 1960, wanakijiji wa Litowa na vijiji wenzake, chini ya Chama cha Maendeleo Ruvuma, walianzisha shule yao. Mwalimu mkuu Suleman Toroka na wenzake waliwafundisha watoto kuuliza na kujadiliana, na kazi za kijiji zikawa sehemu ya masomo. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, Litowa ilikuwa tayari imeanza. Septemba 1969 TANU ilikivunja chama hicho. Kijiji kinachojisemea chenyewe kilikuwa kimewatia viongozi wasiwasi.

Ndiyo maana nakitazama kitabu kisicho na maneno kama jambo la kisiasa. Mbele ya kitabu hicho mwalimu hana jibu lililochapwa la kulinda. Mwaka 2012 shirika la IBBY lilianza kukusanya vitabu vya namna hii kutoka nchi mbalimbali kwa ajili ya maktaba ya kisiwa cha Lampedusa, Italia, ili watoto wa kisiwani na wa wahamiaji wasome pamoja bila kuulizana lugha.

Wapo watakaosema kwamba kutazama picha si kusoma. Lakini mtoto anayefuata picha hupanga matukio, hutafuta sababu na kubashiri yajayo. Sentensi yake ya Kingoni ingepokelewa, mwenzake akaieleza kwa Kiswahili, mwalimu akaiandika ubaoni, darasa lingepata somo la kwanza la kusoma, lililotungwa na mmoja wao. Mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili yalianza kuongozwa na mtaala wa KKK: Kusoma, Kuandika, Kuhesabu. Kusimulia hakukupewa herufi.

Baada ya kipindi nilimweleza mwalimu hayo. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Mthibiti ubora akiwakuta wanazungumza tu, tena Kingoni, nitamjibu nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Ninyi mlioko ofisini mnalo.