Pwani na Majimbo 12: Uwezo na Udhaifu wa Pande Mbili katika Vita vya Biafra, 1967–1970

Vita vya Nigeria na Biafra, vilivyoanza tarehe 6 Julai 1967, aghalabu huelezwa kuwa mapambano baina ya jeshi kubwa lenye silaha na jeshi dogo lenye ari. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayaupi uzito unaostahili uamuzi uliotolewa kabla ya risasi ya kwanza kufyatuliwa. Tarehe 27 Mei 1967, siku tatu kabla ya Ojukwu kutangaza uhuru wa Biafra, Gowon aliigawa Nigeria katika majimbo 12. Kanda ya Mashariki ikawa majimbo matatu, na jimbo la Waigbo likabaki bila pwani. Waijaw, Waefik na Waibibio, ambao katika ardhi yao zilikuwamo bandari na sehemu kubwa ya mafuta, wakapata sababu ya kutoiona Biafra kuwa kimbilio lao.

Kijeshi, uamuzi huo uliendana na mkakati wa baharini. Wanamaji wa serikali ya shirikisho walizuia meli. Bonny ilitekwa Julai 1967, Calabar Oktoba, na Port Harcourt Mei 1968. Kutambuliwa na Tanzania tarehe 13 Aprili 1968 kuliipa Biafra heshima ya kidiplomasia, lakini wiki tano tu baadaye bandari yake kuu ilikuwa imekwenda.

Nchi kavu mambo hayakuwa mepesi kwa jeshi la shirikisho. Divisheni ya Pili ya Murtala Mohammed ilijaribu mara kadhaa kuvuka mto Niger kuingia Onitsha, daraja likiwa limekwisha kuvunjwa, ikapoteza askari wengi. Hata baada ya kuzunguka na kuuteka mji huo, msafara wake uliteketezwa Abagana tarehe 31 Machi 1968. Jeshi lililopanuliwa kwa haraka lilikuwa na silaha nyingi kuliko maofisa wenye uzoefu.

Biafra nayo ilianza kwa ujasiri. Agosti 1967 majeshi yake yalivuka Niger na kufika Ore, kabla ya kurudishwa nyuma; Oktoba ikapoteza Enugu. Tangu hapo ilijihami kwa ubunifu: wahandisi wake walitengeneza mabomu ya ogbunigwe na kusafisha mafuta ya petroli wao wenyewe. Barabara ya Uli iligeuzwa uwanja wa ndege uliotumika usiku. Hapo ndipo ulipo mgogoro mzito kuliko yote, kwani giza lililolinda ndege za chakula ndilo lililolinda ndege za silaha. Lagos ilitaka misaada ipite mchana na kukaguliwa, Ojukwu alikataa. Chumvi ikaadimika, utapiamlo ukaua watoto kwa wingi. Lawama ya kwanza ni ya waliozingira, lakini uongozi wa Biafra hauwezi kuondolewa kabisa katika hesabu hiyo.

Owerri, iliyokombolewa na Wabiafra Aprili 1969, ilianguka tena Januari 1970. Ojukwu aliondoka kwa ndege kwenda Ivory Coast, na tarehe 15 Januari Philip Effiong akasalimu amri rasmi mjini Lagos.