Darasa lisilo na paa

Mwaka 1820, mtaani Spitalfields jijini London, Samuel Wilderspin na mkewe walifungua shule ya watoto wadogo wa maskini. Asubuhi ya kwanza, mama zao walipogeuka tu kuondoka, darasa zima liliangua kilio. Kubembeleza hakukusaidia. Kwa kuhaha, Wilderspin akanyakua kofia ya mkewe yenye utepe wa rangi, akaitundika kwenye mti wa kuinulia kamba ya nguo. Kimya! Kisha akajifanya bata, watoto wakalia kibata; akawa kuku, wakawa vifaranga, mpaka saa ya kurudi nyumbani ikafika.

Baadaye alishikilia kwamba shule bila kiwanja si shule. Kiwanja alichokitaka kilikuwa na bembea ya kuzunguka, na pembeni maua na miti ya matunda. Miti ile ilikuwa mtego wa makusudi: mtoto ajifunze kuliona tunda lililoiva asilichume. Mwalimu naye akae pale atazame, maana darasani mtoto hujificha, uwanjani hujianika. Huko Glasgow, David Stow alikiita kiwanja darasa lisilo na paa. Kosa lililotendeka mchezoni alilirudisha ndani, wanafunzi wenyewe wakalijadili.

Kwa hiyo mapumziko yalitetewa kama somo, wala hayakuwa fadhila kwa waliochoka. Aliyewahi kutazama watoto wakicheza rede anajua kwa nini: nusu ya muda ni ubishi, nani kaguswa na nani kadanganya, na hakuna mkubwa wa kuamua. Wakishindwa kupatana, mchezo unavunjika.

Somo hilo lilisahaulika. Mwaka 1998 mkuu wa shule za Atlanta, Marekani, Benjamin Canada, alitetea kufutwa kwa mapumziko ili alama zipande, na shule mpya ikajengwa bila kiwanja. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa watoto nchini humo kilisema mapumziko yasiondolewe kwa adhabu wala kwa sababu ya masomo, na kwamba yanakamilisha kipindi cha michezo lakini si mbadala wake.

Mwaka 2022 Georgia, jimbo lenye Atlanta yenyewe, ilipitisha sheria ya mapumziko ya kila siku kuanzia chekechea hadi darasa la tano. Ila waliacha upenyo: siku yenye kipindi cha michezo, shule hailazimiki. Yaani filimbi ya mwalimu imehesabiwa sawa na ubishi wa watoto.