Baiti Nne za Tor

Ndani ya Tor, mtandao unaomficha mtumiaji kwa kupitisha mawasiliano yake kwenye vituo kadhaa, kuna ujumbe wa zamani uitwao EXTEND. Kompyuta ya mtumiaji ilikuwa ikiutuma kwa kituo ilichokwisha kukifikia, kukiagiza kiiunganishe na kituo kinachofuata. Wabunifu waliupangia nafasi kwa vipimo: baiti 4 za anwani, baiti 2 za namba ya mlango, baiti 186 za kukubaliana ufunguo wa siri, na baiti 20 za utambulisho wa kituo. Zile baiti 4 ndizo zilizonituma kwenye nyaraka za zamani za mtandao huu, maana anwani ya IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, ina baiti 16. Haienei.

Wazo lenyewe la Tor lilizaliwa katikati ya miaka ya 1990, katika Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani, mikononi mwa Paul Syverson, Michael Reed na David Goldschlag. Ujumbe hufungwa kwa matabaka ya usimbaji, kila kituo huvua tabaka moja, na hakuna kituo kinachomjua mtumaji na mwisho wa safari yake kwa pamoja. Maelezo rasmi ya kwanza ya IPv6 yalitoka wakati huohuo, Desemba 1995. Hata hivyo, Syverson, Roger Dingledine na Nick Mathewson walipouwasha mtandao wa Tor mwaka 2002, karibu intaneti yote ilikuwa bado ya IPv4, mfumo wa zamani wenye anwani bilioni 4.3 tu. Siwalaumu kwa zile baiti 4. Walijengea intaneti waliyokuwa nayo, na watu waliohitaji kujificha hawakuwa na muda wa kusubiri nyingine.

Julai 2007 likaandikwa pendekezo namba 117: vituo vya kutokea, vile vya mwisho vinavyoigusa tovuti, viruhusiwe kufikia anwani za IPv6. Februari 3, 2011 ghala kuu la anwani za IPv4 likaisha. Mafungu 5 ya mwisho yaligawiwa mashirika ya kanda, likiwamo AFRINIC la Mauritius linaloihudumia Afrika, ambalo nalo lilianza kubana mgawo wake mwaka 2017. Mwishoni mwa 2011 toleo la majaribio la Tor likaweza kuyafikia kwa IPv6 madaraja, yaani vituo visivyotangazwa hadharani. Mfululizo wa 0.2.4, uliotoka rasmi Desemba 2013, ukaleta vituo vya kutokea vya IPv6 pamoja na ujumbe mpya, EXTEND2, unaotaja kwanza aina ya anwani na urefu wake, kisha anwani yenyewe.

Ujumbe ulikuwa tayari. Mtandao wa katikati haukuhamia IPv6, na kwa maoni yangu haukuchelewa kwa uzembe.

Tor imejengwa juu ya sharti kwamba kituo chochote kiweze kuunganishwa na kingine chochote. Kituo chenye IPv4 pekee hakiwezi kuzungumza na chenye IPv6 pekee. Ukivichanganya, njia fulani haziwezekani tena, na mpelelezi anayeona kipande kimoja cha njia anaweza kuondoa vituo kadhaa kwenye hesabu yake. Anayejificha ndani ya Tor hufichwa na wingi. Kila njia inayofutika humpunguzia kificho. Ndiyo maana madaraja na vituo vya kutokea vilitangulia: viko kwenye ncha za njia, na upande unaotazama nje unaweza kubadilika bila kuukata mtandao vipande.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo lililonishughulisha zaidi. Uhaba wa IPv4 umekuwa ngao. Tor haiweki kwenye njia moja vituo viwili ambavyo biti 16 za mwanzo za anwani zao zinafanana, na vituo vinavyokubaliwa kwa anwani moja vina kikomo. Anayetaka kuujaza mtandao vituo vya upelelezi hulazimika kuzitafuta anwani, nazo zina bei. Kwenye IPv6, fungu moja la /64, ambalo mteja wa nyumbani hupewa bila hata kuomba, lina anwani 18,446,744,073,709,551,616. Kuhesabu anwani moja moja hapo hakumzuii mtu.

Kazi iliyobaki ya kuingiza IPv6 kwenye vituo ilikuwa ya kiufundi. Mwendesha kituo alilazimika kuiandika anwani yake ya IPv6 kwa mkono kwenye faili la mipangilio, na akiikosea, kituo kizima kiliweza kuachwa nje ya orodha ya mtandao. Mwaka 2020 mapendekezo 311, 312 na 313 yalitaka kituo kijipime chenyewe kama kinafikika, kijitafutie anwani, na kitoe takwimu. Toleo la 0.4.5 la Februari 2021 likayaingiza mengi ya hayo.

Kituo cha kawaida bado kinadaiwa anwani ya IPv4. Naliunga mkono sharti hilo, ingawa linamfungia mlango mtu wa kujitolea mwenye seva ya IPv6 pekee, kwa kuwa mzigo wa kulilegeza mapema ungemwangukia mtumiaji aliyeko hatarini, ambaye hana namna ya kujua kwamba njia yake imekuwa rahisi kukisiwa.