Kutoka Yadi ya Reli hadi Meza za Washington

Mwaka 1947 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi kuhusu vijana waliokuwa wakijifunza kazi katika yadi ya treni ya Portland, jimbo la Maine. Kampuni ya reli iliwafunza kwa siku saba au nane kazi ya breki za mabehewa, kisha ikachagua wanaofaa kuajiriwa. Swali lilikuwa iwapo sheria ya kima cha chini cha mshahara, ya mwaka 1938, iliwahusu vijana hao. Jaji Hugo Black aliandika kwamba haikuwahusu: hawakuchukua nafasi ya mwajiriwa yeyote, na wakati mwingine waliikwamisha kazi badala ya kuisukuma.

Hoja hiyo ya siku nane ndiyo iliyokuja kuhalalisha miezi mitatu ya kazi bila ujira ofisini. Mwaka 2010 Wizara ya Kazi ya Marekani ilichota humo masharti sita ya kupima kama mwanafunzi tarajali anastahili mshahara. Masharti hayo yaliyalenga makampuni ya kutafuta faida. Kuhusu mashirika yasiyo ya faida, wizara ilieleza tu, katika tanbihi, kwamba kwa kawaida tarajali asiyelipwa anaruhusiwa. Na taasisi za utafiti wa sera za nje, karibu zote, zimesajiliwa hivyo.

Tukumbuke taasisi hizi ni nini. Taasisi ya Utafiti wa Sera za Nje ya Philadelphia ilianzishwa mwaka 1955 ndani ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania na Robert Strausz-Hupé, mhamiaji mzaliwa wa Vienna. Mwaka 1957 ikaanza kutoa jarida la Orbis, na mwaka 1970 ikatengana na chuo. Mwaka huohuo mwanzilishi wake alikwenda Sri Lanka kuwa balozi, na baadaye akawa balozi Ubelgiji, Sweden, katika Jumuiya ya NATO, na Uturuki. Safari yake si ya ajabu. Taasisi za namna hii ni baraza la nyumba ya serikali: wanaoketi pale leo huitwa ndani kesho, na chama chao kikishindwa uchaguzi hurudi barazani kuandika vitabu.

Kwa hiyo kijana anayekubaliwa kuketi katika baraza hilo, hata pembeni, amepata zaidi ya mafunzo. Kutwa hukusanya habari za magazeti, huhakiki tanbihi, hutafsiri hotuba, hupanga viti vya mhadhara. Kazi hiyo, tofauti na ile ya vijana wa Portland, haikwamishi chochote. Ripoti nyingi zisingetoka kwa wakati bila yeye. Lakini huko ndiko anakojulikana kwa jina, na barua ya mapendekezo kutoka kwa balozi mstaafu huandikwa kwa anayejulikana.

Kodi ya chumba Washington haisubiri barua hiyo. Kwa miongo mingi waliomudu kujitolea majira ya joto mazima ni wale ambao wazazi wao waliweza kulipa. (Kwetu Tanzania, angalau, mkopo wa elimu ya juu una fungu la mafunzo kwa vitendo, ingawa linachelewa.) Mchujo wa watakaoshauri kuhusu vita, misaada na vikwazo, pamoja na vile vinavyoigusa Afrika, ulifanyika kabla ya usaili wowote.

Mambo yameanza kubadilika, na si kwa hisani. Vijana walioshindwa kumudu walipiga kelele wakasikika. Mwaka 2018 Bunge la Marekani lilitenga dola milioni 8.8 kuwalipa tarajali wa Baraza la Wawakilishi na milioni 5 kwa wa Seneti. Ikulu ilianza kuwalipa wake mwaka 2022. Baadhi ya taasisi za utafiti nazo hulipa sasa.

Hata hivyo, malipo peke yake hayafungui mlango. Wakfu wa Carnegie wa Amani ya Kimataifa, ulioanzishwa mwaka 1910, huwaajiri kwa mshahara wahitimu wachache kila mwaka kuwasaidia watafiti wake. Ni mpango mzuri kuliko mingi. Lakini mhitimu hajipeleki mwenyewe: sharti apendekezwe na chuo kilichomo katika orodha ya vyuo shiriki.