Namba ya dharura tunayo. Anayeshika simu ana nguvu gani?

1/ Kila msimu wa siasa lazima mtu aahidi jukwaani "namba moja ya dharura kwa nchi nzima." Watu wanashangilia. Mimi nasema tuangalie historia kwanza.

2/ 999 ilianzia London. Novemba 1935 nyumba iliungua Wimpole Street, wanawake watano wakafa. Jirani alipiga simu kuita zimamoto, akawekwa kwenye foleni kama mtu anayepiga kusalimia shangazi. Akaandikia gazeti la The Times, na kamati ikaundwa.

3/ Juni 1937 namba ikaanza. Wengi hukumbuka namba tu, lakini mabadiliko makubwa yalikuwa mezani kwa opareta. 999 ikiingia, king'ora kinalia, taa nyekundu inawaka, na hiyo simu inashikwa kabla ya zingine zote.

4/ Sisi tukarithi namba kwa mkoloni. Baadaye ikanyamaza karibu miaka 15, hadi polisi wakairudisha 2013. Leo tuna 999, 112 na 911 za polisi, 116 ya watoto, 1195 ya dhuluma za kijinsia, 1199 ya Red Cross. Namba si shida.

5/ Shida iko kwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Polisi ni wa serikali kuu. Ambulansi na zimamoto ni za kaunti. Kwa hivyo afisa anaweza kushika simu yako mara moja na bado asiwe na gari hata moja la kuamuru.

6/ Oktoba 2015, Nairobi, majeruhi wa ajali alikaa ndani ya ambulansi saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi. Akafariki. Gari lilikuwepo, wahudumu walikuwepo. Hakukuwa na mtu mmoja anayeona vitanda vyote vya jiji, mwenye mamlaka ya kusema "mpelekeni pale." Na Kifungu cha 43 kinasema hakuna wa kunyimwa matibabu ya dharura.

7/ Kwa hivyo akiahidi namba mpya, awe wa upande wako ama ule mwingine, muulize: Anayeshika simu amefunzwa na nani? Anaweza kuamuru ambulansi ya kaunti jirani? Mafuta analipa nani? Dakika za kungoja zinaandikwa wapi, na sisi tutaziona?

Akikosa majibu, hiyo ni namba ya bango tu.