Alfajiri ya Alhamisi Kuu

Sala ya Baba Yetu ina neno linalobadilika ukitoka kanisa moja hadi jingine. Karibu na mwisho, Wakatoliki husema kishawishi. Waprotestanti wengi husema majaribu. Nikiwa mdogo nilidhani yote mawili yanamaanisha mambo yale yale: pombe, wasichana, kuiba mtihani. Garissa ndiyo iliyonifunza kwamba kuna kishawishi kisichonuka pombe hata kidogo.

Alhamisi, 2 Aprili 2015, kabla jua halijachomoza, watu wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Wanafunzi Wakristo walikuwa wamekusanyika darasani kwa maombi ya alfajiri, na hao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupigwa risasi. Kisha wauaji wakaenda mabwenini, wakiwatenga Wakristo na Waislamu. Kufikia jioni watu 148 walikuwa wamekufa. Al-Shabaab wakasema ni wao.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi Kuu, siku ya kukumbuka Gethsemane. Pale Yesu aliwaambia wanafunzi wake wakeshe na kuomba wasije wakaingia majaribuni. Wao wakalala. Askari walipokuja, Petro aliyetoka usingizini ndiye aliyechomoa upanga. Nimeifikiria sana hiyo hadithi. Wale wa Garissa walikuwa macho, wanaomba. Sisi wengine tulikuwa bado tumelala, na tulipoamka upanga ulikuwa mkononi mwetu.

Wangu ulikuwa mdogo. Nilikuwa kidato cha pili, mbali na Garissa. Niliona kwenye runinga wazazi wakingoja nje ya mochari ya Chiromo, nikaapa sitaingia tena duka la mzee Msomali mtaani kwetu. Nikitumwa sukari, nilizunguka hadi duka la mbali. Na niliomba, tena kwa bidii: Mungu awalaani wote. Jioni moja Mama akanisikia.

"Hayo si maombi," akasema. "Hiyo ni kesi umepeleka. Mwombee huyo mzee wa duka, kwa jina lake."

Sikulijua jina lake. Miaka yote nikinunua mkate kwake, sikuwahi kuuliza.

Baadaye nilisoma historia chuoni kwa mihula mitatu, mpaka karo ikanishinda. Lakini katika hiyo mihula mitatu nilikutana na Bulla Kartasi. Novemba 1980, maafisa wa serikali waliuawa mjini Garissa, na vikosi vya usalama vikalipiza kwa kuchoma mtaa na kuua wakazi ambao hawakuhusika. Februari 1984 ikawa zamu ya Wajir: wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla na wengi wakauawa. Hali ya hatari iliyotangazwa Kaskazini Mashariki mwishoni mwa 1963 haikuondolewa hadi 1991. Kwa miaka karibu 28, kosa la mmoja lilikuwa kosa la kabila zima.

Nilishtuka kuona hesabu hiyo naijua. Ni ile ile niliyoifanya kwa sukari. Ni ile ile waliyoifanya wauaji mabwenini. Ndiyo maana nasema kishawishi kikubwa cha muumini katika nchi yetu hakiko kwenye baa. Kiko mahali pa kuhesabu maiti, na huja kimevaa nguo za haki.

Lakini eneo hilo hilo linajua pia namna ya kukikataa. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa wakati wa ibada ya Jumapili, na kwenye kanisa la AIC zaidi ya waumini kumi wakauawa. Viongozi wa Kiislamu wakakubaliana vijana wao wasaidie kuyalinda makanisa. Na tarehe 21 Desemba 2015, miezi minane baada ya chuo, basi la Mandera lilisimamishwa na watu wenye bunduki. Abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Wanawake wengine waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Sijui sala zilizosemwa ndani ya basi lile, lakini naona zilijibiwa na abiria wenyewe.

Basi, nilirudi dukani. Zilikuwa zimepita wiki tatu hivi.

"Kijana, umepotea sana," mzee akasema. "Ulisafiri?"

"Ndiyo," nikadanganya. Nikanunua sukari nusu kilo, nikajikaza, nikamuuliza jina. Akanitazama kidogo, akanitajia, kisha akaniuliza langu. Na yeye hakuwa analijua.

Usiku ule nilipiga magoti na kulitaja. Nilijaribu kuendelea na ile laana yangu ya kila siku, ikakwama. Nikabaki na jina tu, nikalirudia mpaka usingizi ukanichukua.