Kuhifadhi: Kompyuta, Vumbi na Daftari la Nyimbo

Neno kuhifadhi lilikuwapo kwetu kabla ya kompyuta kwa karne nyingi. Asili yake ni Kiarabu, na chuoni, mbele ya mwalimu na juzuu, lilikuwa na maana iliyo wazi: kulitia neno moyoni hata lisomeke bila ya kitabu. Baadaye likapanuka, tukahifadhi siri vifuani na wanyama mbugani. Sasa limefika kwenye kioo cha kompyuta. Mtu humaliza barua yake, akabonyeza "Hifadhi", akaamini kwamba kazi imekwisha. Nakusudia kuonyesha, kwa historia fupi ya chombo hiki na kwa kosa langu mwenyewe, kwamba hapo ndipo kazi inapoanza.

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mashine kubwa ya ofisi, si chombo cha mtu binafsi. Matokeo hayakuwa kama yalivyotarajiwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Kwa hiyo IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi huko Marekani, Agosti 1981, sisi tuliokuwa tukijifunza ualimu tulikuwa bado na taipureta, stensili na vidole vilivyolowa wino. Mashine hiyo, katika umbo lake la chini kabisa, iliuzwa kwa dola 1,565, na kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 16. Tukiukadiria ubeti mmoja wa mishororo minne yenye mizani 16 kuwa ni herufi 200 pamoja na nafasi zake, kumbukumbu hiyo yote ingejaa kwa beti 80 tu.

Hapa pana tofauti ambayo Kiswahili kinaieleza vizuri. Kompyuta ina kumbukumbu, tena ina hifadhi. Kumbukumbu ni mahali inapowekwa kazi inayoendelea. Umeme ukikatika, yote yaliyomo hupotea papo hapo. Hifadhi ni diski, ambayo hubaki na kilichoandikwa hata mashine ikizimwa. Mwalimu wa chuoni angeielewa tofauti hiyo bila ya kufundishwa: kukumbuka somo la jana ni jambo moja, kulihifadhi ni jingine.

Sisi tulijifunza tofauti hiyo kwa kuumia. Shule ya sekondari niliyofundisha ilipata kompyuta yake ya kwanza katika miaka ya 1990. Tuliipa chumba chenye mapazia, na viatu vilivuliwa mlangoni kama msikitini. Siku moja nilikuwa nimekaa tangu asubuhi nikichapa mtihani wa muhula. Umeme ulikatika nikiwa katika swali la mwisho, nami sikuwa nimehifadhi hata mara moja. Uliporudi, kioo kilikuwa cheupe kama karatasi mpya. Tangu siku hiyo nilihifadhi kila baada ya aya, na shule ikanunua UPS, kile kisanduku chenye betri ambacho humpa mtu dakika chache za kufunga kazi yake kwa utulivu.

Adui wa pili alikuwa vumbi, na huyu tulimsaidia kwa mapenzi yetu. Mke wa mwalimu mwenzetu alitufumia kitambaa kizuri cha kuifunika mashine, nasi tuliifunika usiku na mchana, hata ilipokuwa ikifanya kazi. Hatukujua kwamba kompyuta inahitaji kupumua. Ndani yake mna feni inayovuta hewa ili kuvipoza vipuri vinavyochemka. Tundu zikizibwa, au vumbi likiganda kwenye mabapa ya chuma yanayotoa joto, mashine huanza kuwa nzito, kisha hujizima yenyewe. Fundi alipoifungua alitoa vumbi la kujaza kikombe cha kahawa. Alitufundisha sheria mbili ambazo nazifuata hadi leo: kitambaa ni cha mashine iliyozimwa, na kila muhula mashine ifunguliwe, ipanguswe kwa brashi laini, ikiwa imechomolewa kwenye umeme.

Adui wa tatu hakuonekana kwa macho. Virusi vya kwanza kuenea kwenye kompyuta za aina ya IBM vilitokea Lahore, Pakistani, mwaka 1986. Vilitungwa na ndugu wawili waliotaka kulinda programu yao isinakiliwe ovyo. Waliviita Brain, na ndani yake wakaandika majina yao na namba zao za simu. Vilisafiri kwa disketi, kutoka mkono hadi mkono. Miaka ishirini baadaye njia ilikuwa ile ile, ila chombo kilikuwa flashi. Nani kati yetu hakuwahi kwenda steshenari kuchapisha ukurasa mmoja, akarudi nyumbani na kukuta mafaili yake yote yamegeuka njia za mkato zisizofika popote? Programu mbovu zilijiendesha zenyewe flashi ilipochomekwa tu, hadi Februari 2011 Microsoft iliposambaza marekebisho ya kuizuia tabia hiyo. Hata baada ya hapo, anayechomeka bila kukagua anafanana na mpishi asiyenawa mikono.

Nimewataja maadui watatu, na wote wana dawa. Sasa nieleze hasara isiyokuwa na dawa.

Katika miaka hiyo hiyo niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu zoezi la likizo: kila mmoja aende kwa bibi yake au babu yake, aandike nyimbo za harusi, za unyago, za kutwanga na za kubembeleza watoto. Walirudi na madaftari yaliyojaa. Mengine yalikuwa na maneno ambayo mimi, mwalimu wa Kiswahili, sikuwahi kuyasikia. Kwa miezi mingi nilibaki shuleni jioni nikiyachapa. Yote yaliingia katika disketi mbili za inchi tatu na nusu. Disketi moja ya aina hiyo hubeba megabaiti 1.44, kwa hesabu yangu ya hapo juu, ni beti 7,000 hivi. Niliishika mkononi nikastaajabu: maktaba nzima, nyembamba kuliko kipande cha mkate.

Kwa kuwa nyimbo zilikuwa "zimehifadhiwa", madaftari sikuyathamini tena. Stoo ilipojaa niliruhusu yatolewe pamoja na karatasi chakavu. Mengi yaliishia sokoni, yakifungia karanga.

Miaka michache baadaye nilizitia disketi zile katika mashine nyingine. Ilikwaruza, ikanyamaza, ikaniambia kwamba haiwezi kusoma. Fundi alizitazama kwenye mwanga, akanionyesha madoa ya ukungu. Disketi ni duara la plastiki lililopakwa chembe za sumaku. Unyevu wa pwani, joto na vumbi huila taratibu. Nami nilikuwa nimezifungia kabatini kwa heshima kubwa, bila ya kuzisoma hata mara moja wala kuzitolea nakala. Wazee wengi waliotoa nyimbo zile walikuwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki.

Baadaye nilikutana na mmoja wa wanafunzi wale, naye sasa ni mwalimu. Nilipomsimulia kwa aibu, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, la kwangu lipo. Kabla ya kukukabidhi nililinakili upya, maana nyimbo zilikuwa za bibi." Aliniletea daftari lenye jalada lililochakaa, na ndani yake nyimbo kumi na moja. Hizo ndizo zilizobaki katika darasa zima.

Msichana yule alifanya kazi ambayo fasihi yetu imeitegemea tangu zamani. Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi na mchongaji, lakini deni letu kubwa kwake ni kunakili. Aliziandika upya tenzi za kale kwa khati yake nzuri, na nakala zake zimo katika maktaba za London na Ujerumani hadi leo. Karatasi huliwa na mchwa, wino hupauka. Tenzi zilivuka kwa sababu kila kizazi kilikuwa na mtu aliyekaa chini akaziandika tena kabla nakala ya zamani haijaoza. Kompyuta haikuibadili kanuni hiyo. Imeirahisisha tu, nasi tukadhani imeifuta.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi nina desturi ambayo wajukuu wangu wanaicheka. Kila kazi yangu ina nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika diski ya nje, na ya tatu nyumbani kwa binti yangu, mji mwingine. Kila mwaka, mwezi wa Januari, nazifungua zote na kuzisoma. Nyimbo kumi na moja za daftari lile nimezichapa pia kwenye karatasi, nikampa nakala mwenye daftari na kila mjukuu wangu anayejua kusoma. Mdogo wao hajui kusoma bado. Huyo namwimbia, hata azihifadhi kwa ile maana ya kwanza.